Buluu Mkono wa Kulia

Nimekasirika mwaka mzima sasa. Kila ninapodhani hasira imepoa, mtu anaingia dukani kwangu amevaa kofia ya chama, na moyo unaanza kuchemka upya. Mke wangu, Swafiya, ananiambia niiandike habari hii niyatoe moyoni, maana yeye amechoka kuisikia wakati wa kula. Basi naandika, na nikipandisha sauti kwenye karatasi, mnivumilie.

Mimi ni Usumani, fundi cherehani. Asili yetu ni mtaa wa Biryogo, kwa Waislamu wenzangu, lakini duka langu liko Gikondo, chini kabisa karibu na barabara kuu, likitazamana na gereji. Habari yenyewe si yangu. Ni ya jirani yetu Nsengiyumva, mpishi, na mikono yake miwili.

Nsengiyumva alijifunza kupika akiwa na miaka kumi na minne, kwenye jiko la mapadri, chini ya mtawa mmoja aliyekuwa akimpiga vidole kwa mwiko kila alipokata kitunguu vipande vinene. Baadaye akawapikia wahandisi wa kizungu waliokuwa wakijenga barabara, miaka kumi na moja bila kukosa siku hata moja. Vita vilipoanza kule mpakani, Oktoba ya mwaka 1990, wahandisi walifunga mizigo kwa juma moja. Walimwachia sufuria moja nzito ya chuma, barua ya kumsifu iliyoandikwa kwa Kifaransa, na baiskeli ya mlinzi.

Barua haikumpatia kazi. Baiskeli ndiyo iliyomlisha. Akawa mchukuzi, anabeba kabichi, kreti za soda na magunia ya viazi kuyapeleka kwenye maduka ya Gikondo na Kicukiro, na sisi tukawa tunamwona anapita, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, anasukuma baiskeli kupanda mlima huku amelowa jasho. Hakulalamika. Lakini ukimwuliza kazi yake nini, alikujibu kwamba yeye ni mpishi, na alilisema kana kwamba amevua aproni asubuhi hiyo hiyo.

Ndiyo maana aliitunza mikono yake. Mpishi mwenye kiganja kilichopasuka ataingiwa na ndimu, chumvi na pilipili hadi atoe machozi, na hakuna mwenye nyumba atakayekubali chakula chake kikandwe na mkono wenye jeraha. Sasa ile baiskeli ilikuwa adui wa mikono. Mipira ya usukani ilikuwa imeoza na kudondoka zamani, kikabaki chuma kitupu, na rangi yake ya fedha ilikuwa imebanduka ikaacha ncha kali. Na mnajua milima yetu. Ukishuka na mzigo, unakamata breki kwa nguvu zako zote kuanzia juu mpaka chini, na chuma kinakula nyama.

Nikamshonea glavu. Nasema hili kwa fahari kidogo, kwa sababu baada ya hapo sitakuwa na la kujivunia. Viganja nilivikata kutoka kwenye ngozi ya kiti cha gari ambacho gereji walikitupa, migongo nikaikata kutoka kwenye jinzi kuukuu, vidole nikaviacha wazi ili aweze kufungua mafundo ya kamba. Alizivaa mwaka mzima. Jioni akizivua, anapaka samli kwenye viganja vyake mbele ya mkewe, Xavérine, na Xavérine alikuwa akimtania kwamba ameoana na mikono yake mwenyewe.

Halafu Julai mwaka jana, mwaka 1992, ukaja wito. Kuna mama mmoja anaitwa Mukabalisa, msimamizi wa jiko katika nyumba ya ubalozi mmoja huko Kacyiru. Siutaji ubalozi wenyewe. Mpishi wao alikuwa amezeeka anarudi kwao kulima, na mtu mmoja aliyewahi kula kwa wale wahandisi akamkumbuka Nsengiyumva. Mama Mukabalisa akaagiza aje siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, apike chakula cha mchana cha wageni wanane, naye atamwangalia. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika nyumba zile alijua sharti lake la kwanza. Kabla hujaugusa mlango wa jiko, unageuza viganja juu, anavitazama. Ukiwa na jeraha, jipu au bendeji, unashukuru na kurudi nyumbani. Simlaumu kwa hilo. Ni jiko.

Kwa hiyo kitu kilichotakiwa kwa Nsengiyumva kilikuwa kimoja tu. Afike Kacyiru saa tatu na mikono mizima. Mengine yote, sosi, kuku, mchuzi wa uyoga aliofundishwa na yule mtawa, hayo alikuwa anayaweza akiwa usingizini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Xavérine alizifua zile glavu kwa sabuni, kwa sababu zilinuka kabichi, na hakutaka mumewe aingie ubalozini ananuka kabichi. Akazianika kwenye ua nyuma ya nyumba. Asubuhi mumewe akavaa shati jeupe, akafunga ile sufuria ya wahandisi kwenye keria, maana aliamini sosi haishiki kwenye sufuria ngeni, akaomba Mungu, akaondoka. Glavu zikabaki uani zinachuruzika maji.

Alizikumbuka alipoanza kushuka, chuma kilipomuuma. Kurudi kulikuwa kusukuma baiskeli mlima mzima na kupoteza nusu saa. Utaniuliza kwa nini hakupanda basi dogo. Basi la Gikondo linakwenda mjini kwanza, unasubiri lijae, halafu unatafuta jingine la Kacyiru, na hakuna kondakta anayempenda mtu mwenye sufuria ya chuma. Kwa hiyo akafanya kama tunavyofanya wote tukikosa kitu. Akaingia shambani pembeni ya njia, akachuna maganda makavu ya mgomba, yale tunayoyaita birere na tunayofungia kila kitu, akayazungusha kwenye viganja na kuyakaza kwa uzi wa hayo hayo maganda. Yalimfikisha kona ya kwanza. Kwenye kona ya pili yalikuwa yameshasagika unga, yanateleza kwenye chuma, breki ikamponyoka na nusura aingie mtaroni na sufuria yake. Akafikiria soksi. Lakini soksi alikuwa na jozi moja nzima, nayo ilikuwa miguuni, na Mama Mukabalisa anatazama miguu pia. Akajaribu gazeti aliloliokota njiani, jasho likalilowesha na likachanika.

Saa moja na nusu akasimama mlangoni kwangu, ana vipande vya migomba vimemganda kwenye viganja, na kiganja cha kulia kimeanza kuwa chekundu.

"Fundi, glavu nimesahau," akasema. "Nipe kitu yoyote ya kufunga mikono. Nakwenda kule Kacyiru."

Sasa nifafanue kilichokuwa mezani pangu. Tangu vyama viruhusiwe kuwa vingi, mafundi wa mji huu hatukushona tena nguo za watu. Tulishona kofia. Kila chama na rangi yake, kila chama na vijana wake, na kila kijana anataka kofia kabla ya mkutano wa Jumapili. Vyama sivitaji majina. Nitasema tu kulikuwa na cha buluu na kulikuwa na cha machungwa, na vyote viwili vilikuwa wateja wangu. Mimi sikuwa na chama. Nilijisifu kwa hilo kwa watu wote. Nilisema cherehani haina siasa. Asubuhi hiyo mezani kulikuwa na kofia arobaini, ishirini za buluu upande huu na ishirini za machungwa upande ule, na chini ya meza lundo la mabaki ya rangi hizo mbili.

Nikachukua kipande cha buluu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono wangu. Nikakikunja mara nne, nikakizungusha kwenye kiganja chake cha kulia, nikapitisha chini ya kidole gumba, nikafunga fundo mgongoni mwa mkono ili lisimchome. Ilikuwa kazi nzuri. Akaujaribu kwenye usukani, ukashika barabara. Nikanyoosha mkono nichukue buluu nyingine kwa ajili ya mkono wa kushoto, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na ningekuwa sikufikiri ingekuwa heri.

Nilifikiri hivi. Atapita Sonatubes, pale kwenye njia panda, na pale wanakaa vijana wa machungwa tangu asubuhi, wanasimamisha watu na kuwauliza wao ni wa nani. Wakimwona na buluu mikono yote miwili, watamsumbua. Nikimfunga machungwa mikono yote miwili, huko mbele Gishushu kuna vijana wa buluu. Basi nikamfunga machungwa mkono wa kushoto. Kila upande upate wake. Nilijiona nina akili nyingi sana.

Nsengiyumva akaitazama mikono yake.

"Fundi, hii iko sawa kweli?"

"Iko sawa. Wakikuuliza, waambie wewe ni wa wote. Nenda, utachelewa."

Akaenda. Na mimi nikarudi kuketi kwenye kiti changu, juu ya gunia la unga nililolikunja kuwa mto. Gunia jeupe, zito, lililofuliwa, lisilo na chama chochote duniani. Nililikalia asubuhi yote hiyo. Mkinikuta njiani nazungumza peke yangu, ndilo ninalozungumza nalo.

Hazikupita dakika kumi, Xavérine akaingia anahema, glavu mkononi.

"Ameshapita?"

"Ameshapita. Lakini usiogope, nimemfunga vizuri."

Akaketi kwenye benchi avute pumzi. Akaziweka zile glavu kwenye mapaja yake zikauke. Hakutaka kurudi nyumbani kabla ya kusikia habari, akasema atasubiri hapo hapo, na mimi nikamwambia akae, chai ipo.

Yaliyotokea Sonatubes nilisimuliwa na Nsengiyumva mwenyewe, na nimemfanya ayarudie mara nyingi kuliko alivyotaka.

Walikuwa saba au wanane. Aliyekuwa mbele ni kijana wa miaka kama ishirini na mitano, wenzake walimwita Kaze. Alikuwa na fimbo mkononi na kofia ya machungwa kichwani, na utosini mwa ile kofia kulikuwa na kifungo kikubwa cheusi. Nsengiyumva alikikumbuka kile kifungo kwa sababu alikitazama muda mrefu, akiogopa kumtazama mtu usoni.

"Muzehe, simama. Wewe iko chama gani?"

"Mimi iko mpishi."

Wakacheka. Kaze naye akacheka, na kwa muda mfupi Nsengiyumva akadhani mambo yameisha. Halafu Kaze akaona mikono.

"Hii ni nini umefunga?"

"Ni glavu, mwanangu. Nimesahau yangu nyumbani. Hii chuma inakata."

"Inua juu, wote waone."

Akainua. Kulia buluu, kushoto machungwa. Akakumbuka maneno yangu, maskini, akayasema. "Mimi iko wa wote."

Kaze akasogea karibu, akamshika mkono wa kulia kwa ncha za vidole.

"Mkono ya kulia, muzehe, unafanya nayo nini?"

"Nakula. Nasalimia watu."

"Na ya kushoto?"

Nani hajui kazi ya mkono wa kushoto? Tulifundishwa tukiwa bado tunatambaa. Hapa kwetu humpi mtu kitu kwa kushoto, hupokei kwa kushoto, na mtoto akinyoosha kushoto kwenye sinia anapigwa kofi. Mkristo na Mwislamu, hatutofautiani katika hilo. Na mimi, Usumani, niliyesoma chuo cha Kurani na ambaye siku hiyo hiyo alfajiri nilitawadha nikaanza na kulia, sikuliona. Nilihesabu rangi, sikuhesabu mikono.

"Basi unakula na wale," Kaze akasema. "Sisi unatupeleka chooni."

"Hapana, mwanangu. Nitabadilisha. Nitaweka yenu kulia saa hii."

"Saa hii, kwa sababu umetuona. Ukitoka nyumbani uliamua."

Hebu niambieni jibu la hapo ni lipi. Mtu ana mikono miwili tu, na mmoja lazima uwe wa kushoto. Rangi yoyote ningeiweka huko, wenyewe wangekasirika, kama si hawa basi wale wa mbele. Nimelala na swali hili mwaka mzima, na jibu pekee nililolipata ni kwamba mtu mzima anayekwenda kupika hana sababu ya kuulizwa na vijana njiani mkono upi umefungwa nini.

Wakafungua vitambaa. Cha buluu wakakitupa wakakikanyaga vumbini. Cha machungwa, kile cha mkono wa kushoto, mmoja wao alikipangusa, akakikunja vizuri na kukitia mfukoni. Halafu wawili wakamshika kifundo cha mkono wa kulia, na Kaze akampiga fimbo tatu kwenye kiganja. Mara ya tatu ngozi ilipasuka pale ilipokuwa imeshaanza kuchubuka. Walimpiga kama mwalimu anavyompiga mtoto wa darasa la kwanza, yeye mwenye watoto watatu shuleni. Ng'ambo ya barabara alisimama askari, akatazama mpaka fimbo ya kwanza, halafu akageuka kutazama upande mwingine. Na watu wa pikipiki, na wenye maduka, wote waliona.

"Haya, nenda upike," wakamwambia.

Akaenda. Watu wengi wangerudi nyumbani, yeye akaenda. Akaendesha kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiugusisha usukani kwa ncha za vidole tu, kwenye miteremko akishuka na kusukuma. Chuma kitupu, jasho, na vumbi la kiangazi. Pale Gishushu alipita katikati ya vijana wa buluu, na hakuna aliyemtazama, kwa sababu hakuwa na kitu mikononi. Alifika Kacyiru saa tatu kasoro dakika kumi.

Mama Mukabalisa alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alimnyooshea mkono wa salamu, na Nsengiyumva akampa kigasha badala ya kiganja, kama tunavyofanya mkono ukiwa na maji au uchafu. Yule mama hakukiachia. Akakigeuza taratibu mpaka kiganja kikatazama juu.

"Umeungua?"

"Nimepigwa, mama. Huko njiani."

Nsengiyumva anasema macho ya yule mama yalilegea, na hilo naliamini, kwa sababu hakumfukuza. Alimkalisha kwenye kibaraza, akamletea dawa ya jeraha na kikombe cha chai ya maziwa. Lakini jiko hakumfungulia. Wageni walikuwa wanakuja saa sita, na kulikuwa na mtu mwingine amesimama ndani, aliyeitwa endapo wa kwanza hatafaa. Akampa huyo ile kazi.

Nsengiyumva akakaa kibarazani na sufuria yake miguuni, anasikiliza mtu mwingine akipika. Baada ya muda akasikia harufu ya vitunguu vinavyoanza kuungua. Akainuka, akaegemea dirisha, akasema kwa upole, "Kaka, punguza moto, halafu tia maji kidogo pembeni, usitie katikati." Yule wa ndani akapunguza moto. Mama Mukabalisa akageuka kumtazama, na Nsengiyumva akarudi kuketi. Aliponisimulia hapa ndipo sauti yake ilipokatika, si pale kwenye fimbo.

"Rudi mkono ukipona," yule mama alimwambia akimsindikiza.

Alirudi dukani kwangu mchana, anasukuma baiskeli. Xavérine alikuwa bado kwenye benchi. Glavu zilikuwa zimekauka kabisa mapajani mwake, safi, zinanukia sabuni. Aliinuka, akauona mkono, akaziingiza zile glavu kwenye pindo la kanga yake haraka haraka kana kwamba ni aibu kuziona. Hakuwahi kunilaumu. Anajilaumu mwenyewe kwa kuzifua, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba katika habari hii yote anayeomba msamaha ni mwanamke aliyefua nguo.

Nilimwambia Nsengiyumva anieleze yule kijana alikuwaje. Alipofika kwenye kile kifungo cheusi, nilimjua. Kofia ile niliishona mimi. Kitambaa kilinipungukia utosini, nikaziba tundu kwa kifungo cha koti, na mwenyewe alipokuja kuichukua alinung'unika kwanza, halafu akajitazama kwenye kioo changu akasema afadhali, sasa atajulikana. Tukacheka naye. Nilimpigia pasi.

Jeraha lilichukua majuma matatu, kwa sababu hakuacha kubeba mizigo. Aliporudi Kacyiru, nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Yule aliyeunguza vitunguu ndiye mpishi hadi leo. Sina ubaya naye, hakufanya kosa. Mama Mukabalisa alisikitika, akasema kukitokea jambo atamkumbuka. Kiganja kimepona na kovu gumu katikati, na ngumi yake haifungi mpaka mwisho. Bado ni mchukuzi wa kabichi. Bado ukimwuliza anasema yeye ni mpishi, ila sasa anasubiri kidogo kabla ya kujibu.

Na mimi niliendelea kushona kofia. Mlidhani niliacha? Niliendelea. Nilisema nitamaliza zile zilizobaki, halafu zikaja nyingine, nikasema hizi ndizo za mwisho. Naliandika hili kwa sababu hasira ya kuwatazama wengine tu ni ya uongo.

Juma lililopita Nsengiyumva alikuwa ameketi kwenye benchi langu anasubiri nimtilie kiraka kwenye glavu. Mlango ukatiwa giza, akaingia Kaze. Amenenepa kidogo. Alikuwa na ile kofia mkononi, imepauka, na utosini tundu tupu.

"Fundi, kifungo imepotea. Tafuta ingine kama ile."

Halafu akasalimia watu waliomo, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Alipofika kwa Nsengiyumva aliinama, akanyoosha mkono wake wa kulia akiushika kwa wa kushoto kama tunavyomnyooshea mkubwa. Nsengiyumva akampa kigasha. Siku hizi anampa kila mtu kigasha, kiganja hapendi kishikwe. Kaze akakiona kiganja.

"Muzehe, mkono iko na nini?"

Nilikuwa nimeshatunga uzi kwenye sindano. Nikamtazama Nsengiyumva, naye alikuwa anamtazama yule kijana usoni, safari hii usoni kabisa, anatafuta. Hakukuwa na kitu. Hakuigiza, hakuficha. Alikuwa amesahau, kama mtu anavyosahau alichokula Jumanne ya mwaka jana.

"Ni baiskeli," Nsengiyumva akasema. "Siku moja nilisahau glavu."

Kaze akatikisa kichwa, na huruma yake ilikuwa ya kweli, Mungu ni shahidi.

"Pole sana, muzehe," akasema. "Ungefunga tu kitambaa."

Huko ng'ambo gereji walikuwa wanagonga bati. Nikachomoa uzi kwenye sindano, nikaizungusha ile kofia mara moja mkononi nikitazama mishono yangu, nikamrudishia.

"Sina kifungo," nikamwambia.

Kopo la vifungo lilikuwa mezani katikati yetu, limejaa, wazi. Akalitazama, akanitazama mimi.

"Na hivi, fundi?"

"Hivyo ni vya nguo za watu."

Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopenda, halafu akaivaa kofia yake na tundu lake, akatoka bila kuaga. Najua atarudi, na najua hatarudi peke yake. Swafiya ameniambia nifunge duka siku mbili tatu. Sijafunga. Kofia za buluu na za machungwa zilizokuwa mezani nimezifungua mishono yote, na lile gunia la unga nimelikata vipande, vizito, vyeupe, nikavitundika msumarini mlangoni kwa yeyote mwenye baiskeli.

Siku ile, Kaze alipotoka, Nsengiyumva alininyooshea tu glavu yake.

"Ya kulia, fundi," akasema. "Ndiyo imetoboka."